Miaka ya kibarua nayo ihesabiwe

MSIMU wa mavuno unapofungwa, katika mashamba mengi nchini hutokea jambo lile lile. Vibarua hupanga foleni mbele ya meza ya karani, kila mmoja huchukua ujira wake wa mwisho, huambiwa "tutaonana msimu ujao", kisha huondoka. Miongoni mwao wapo waliosimama kwenye foleni hiyo mara moja, na wapo walioisimamia misimu kumi na mitano. Mbele ya meza wote ni sawa. Daftari la karani lina siku za wiki hiyo tu; halina miaka.

Siku mwenye shamba anapoamua kung'oa mikahawa apande parachichi, au anapouza shamba kwa sababu bei imeanguka, ndipo swali la kiinua mgongo huibuka. Mfanyakazi husema ametumika hapo miaka kumi na mitano. Mwajiri husema hamjui ila kama kibarua wa msimu. Mara nyingi kila mmoja huamini anachokisema, na hakuna karatasi ya kuamua kati yao.

Kiini cha ugomvi huo ni dhana kwamba kiinua mgongo ni zawadi ya kuagana, ambayo mwajiri mwema hutoa na mwajiri mgumu hunyima. Sivyo. Kwa mfanyakazi aliyetimiza masharti, kiinua mgongo ni deni la kisheria linalokua kila mwaka anaoumaliza kazini. Anayedaiwa deni hilo si kiwanda au kampuni kubwa peke yake. Mkulima mwenye wafanyakazi wanne na mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeajiri kijana mmoja wamo pia.

Nani anastahili

Kwa Tanzania Bara, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake, namba 11 ya mwaka 2005. Sheria ya Bara inawahusu wafanyakazi wote isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haisemi kwamba mwajiri lazima awe na wafanyakazi kumi au ishirini ndipo abanwe. Mmoja anatosha.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mfanyakazi anastahili malipo haya kama ametimiza miezi 12 ya utumishi mfululizo kwa mwajiri huyo, na kama mwajiri ndiye aliyeisitisha ajira. Kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10.

Maneno mawili hapo yanahitaji kusomwa kwa makini. La kwanza ni "uliokamilika". Aliyefanya kazi miaka sita na miezi 11 analipwa ya miaka sita. Aliyefanya kazi miezi 11 tu hana kiinua mgongo. La pili ni "mfululizo", ambalo ndilo linalowaumiza watu wa misimu, na litajadiliwa hapa chini.

Wapo wasiostahili. Wa kwanza ni aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Hapa waajiri wadogo hukosea sana. Kumwita mchungaji mwizi kwa kuwa mbuzi wawili hawakurudi zizini, na kumfukuza jioni hiyo hiyo, si kumwachisha kwa haki. Mwajiri anatakiwa awe na sababu ya kweli na awe amefuata utaratibu: kumweleza tuhuma, kumpa nafasi ya kujitetea, kisha kuamua. Asipofanya hivyo anaweza kujikuta anadaiwa kiinua mgongo pamoja na fidia ya kuachisha isivyo halali, ambayo ni kubwa kuliko kiinua mgongo chenyewe.

Wa pili ni mfanyakazi ambaye kazi yake imepunguzwa au hakuimudu, akapewa kazi nyingine kwa mwajiri huyo au kwa mwajiri mwingine, naye akaikataa bila sababu ya msingi. Wa tatu ni aliyefikia umri wa kustaafu au ambaye mkataba wake umefikia mwisho kwa muda kwisha. Na kwa kuwa sharti ni mwajiri kusitisha ajira, anayeacha kazi kwa hiari yake hawezi kudai malipo haya kwa nguvu ya sheria, labda mkataba wake uwe unasema hivyo.

Vitu vitatu, jina moja

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na jina. Watu huita "kiinua mgongo" malipo ya aina tatu tofauti, na kila moja lina mlango wake.

Yapo malipo ya kusitishwa ajira, yaani hizo siku saba kwa mwaka. Haya hulipwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake. Yapo malipo ya kumaliza mkataba, ambayo pande mbili hukubaliana tangu mwanzo, kwa mfano asilimia fulani ya mishahara yote mkataba unapokwisha. Haya hayatoki katika kifungu cha siku saba. Yanatoka katika makubaliano, na kama hayakuandikwa ni vigumu kuyadai. Na yapo mafao ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, yanayotokana na michango ya mwajiri na mfanyakazi.

Mwajiri anayesema "wewe una NSSF, kiinua mgongo cha nini" amechanganya milango. Sheria ya Bara inasema malipo ya kusitishwa ajira hayaondoi haki ya malipo mengine yanayotokana na sheria hiyo au sheria nyingine. Hayo mawili yanakwenda pamoja. Nchini Kenya utaratibu ni tofauti. Sheria ya Ajira ya huko ya mwaka 2007 inatoa malipo ya utumishi kwa kila mwaka, lakini mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii hapati malipo hayo. Mfanyabiashara wa Namanga au Holili mwenye watu pande zote mbili za mpaka asichukue kanuni ya upande mmoja akaitumia upande wa pili.

Aidha, ajira inapositishwa kiinua mgongo si malipo pekee. Mfanyakazi anadai ujira wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, malipo ya notisi kama hakupewa, na cheti cha utumishi. Kama aliajiriwa mbali na anapofanyia kazi, anadai pia kusafirishwa na mizigo yake hadi alikoajiriwa. Kwa mikoa ya mkonge jambo hili lina historia. Manamba walioletwa Tanga enzi za ukoloni kutoka Kigoma, Njombe na kwingineko walijua uzito wa kumaliza kazi wakiwa mamia ya kilomita kutoka nyumbani bila nauli. Wapo waliozeekea kambini kwa sababu hiyo.

Jina la kibarua si kinga

Waajiri wengi wadogo hudhani kwamba kumwita mtu kibarua kunawaepusha na yote haya. Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, iliyotungwa sambamba na ile ya ajira, inaangalia kazi yenyewe badala ya jina. Mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo iwapo lipo hata jambo moja kati ya haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anategemea riziki yake kwa mtu huyo, anapewa vifaa vya kazi na mtu huyo, au amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Saa 45 kwa mwezi si nyingi. Ni kama siku tano au sita za kazi. Kijana anayepakia magunia ghalani siku mbili kila wiki, akitumia mkokoteni wa mwenye ghala na kuambiwa aanze saa ngapi, ni mfanyakazi mbele ya sheria hata kama hajawahi kuitwa hivyo.

Hesabu ilivyo

Kwa anayelipwa kwa siku hesabu ni nyepesi. Tuseme mfanyakazi wa bustani ya mboga analipwa Sh10,000 kwa siku na ametimiza miaka sita mfululizo. Siku saba ni Sh70,000. Mara sita ni Sh420,000. Angekuwa ametimiza miaka 18, angelipwa ya miaka 10, yaani Sh700,000, na ile minane ya ziada isingeongeza kitu.

Kwa anayelipwa kwa kilo, kama mchuma chai, au kwa kipande cha kazi, sheria inatazama alichopata katika wiki 13 za mwisho. Jumla yake hugawanywa ili kupata wastani wa wiki, na wastani huo hugawanywa kwa siku anazofanya kazi katika wiki. Mchumaji aliyepata Sh780,000 kwa wiki 13 ana wastani wa Sh60,000 kwa wiki. Akiwa anafanya kazi siku sita, siku moja ni Sh10,000, na kila mwaka aliotumika unampa Sh70,000.

Hapa pana tatizo ambalo watu wa mashambani watalitambua haraka kuliko watu wa ofisini. Jani la chai halichipui sawasawa mwaka mzima. Mufindi, kwa mfano, jani huwa jingi wakati wa mvua, na huadimika katika miezi ya baridi na ukavu kuanzia Juni. Mchumaji yule yule anayepata Sh780,000 katika wiki 13 za mvua anaweza kupata nusu yake, Sh390,000, katika wiki 13 za kipupwe. Akiwa na miaka minane kazini na kuachishwa mwishoni mwa mvua, kiinua mgongo chake ni Sh560,000. Akiachishwa mwishoni mwa baridi ni Sh280,000. Mikono ni ile ile na utumishi ni ule ule. Kilichobadilika ni kalenda, na kalenda ya kuachisha anaishika mwajiri.

Kwa kazi inayofuata mvua, wastani wa miezi 12 ungekuwa wa haki zaidi. Mpaka sheria itakapotazamwa upya, vyama vya wafanyakazi wa mashambani na wenye mashamba wanaweza kuliweka jambo hilo katika mikataba ya hali bora za kazi. Sheria imeweka kiwango cha chini tu. Haimzuii mtu kukubaliana na mwenzake juu ya kizuri zaidi.

Shimo la "mfululizo"

Tatizo kubwa zaidi ni la wafanyakazi wa misimu. Viwanda vya kuchambua pamba, mashamba ya miwa, maghala ya korosho na mashamba ya kahawa huhitaji watu wengi kwa miezi michache, kisha huwahitaji wachache. Hiyo ni hali ya kilimo, na si haki kumlaumu mwajiri kwa kuwa mvua hainyeshi mwaka mzima. Mtu anayefanya kazi miezi minne kila mwaka, akarudi nyumbani kulima shamba lake, hawezi kusema kwa urahisi kwamba ametimiza miezi 12 mfululizo, hata akirudi kwa miaka 20.

Lakini sheria hiyo hiyo, ilivyotungwa mwaka 2004, inajua kuhesabu misimu inapotaka. Katika likizo, mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini ambaye amemfanyia kazi mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka hupata haki ya likizo yenye malipo, iwapo jumla ya vipindi hivyo inazidi miezi sita ya mwaka huo. Yaani vipande vya kazi hukusanywa vikawa kitu kimoja. Kwenye kiinua mgongo ukusanyaji wa namna hiyo haukuwekwa, na anayeumia ni yule ambaye kilimo cha biashara hakiwezi kwenda bila yeye.

Ipo pia hila inayotokana na shimo hilo. Baadhi ya waajiri ambao kazi yao ni ya mwaka mzima huwapumzisha watu wao wiki mbili kila mwezi wa 11, kisha huwaita tena kwa karatasi mpya. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa kila siku, hawana msimu, na kuku wa mayai vivyo hivyo. Mapumziko hayo hayana sababu ya kilimo. Yamewekwa ili mwaka usikamilike. Mwajiri anayefanya hivyo asijidanganye kwamba yuko salama, kwa kuwa suala likifika mbele ya mwamuzi linaloangaliwa ni ukweli wa uhusiano wa kazi, na karatasi kumi zenye tarehe zinazofuatana zinaweza kuwa ushahidi dhidi ya aliyeziandika.

Hata kwa hesabu ya fedha tu, hila hiyo hailipi. Mkamuaji aliyezoeana na ng'ombe anajua yupi huficha maziwa na yupi ameanza ugonjwa wa kiwele kabla haujaonekana. Kumpoteza mtu huyo, au kumrudisha akiwa na kinyongo, kunaweza kula zaidi ya zile siku saba za mshahara. Mfanyakazi anayejua miaka yake inahesabiwa ana sababu ya kuilinda mali ya mwajiri. Anayejua itafutwa kila Novemba hana.

Mtamba wa mchungaji na mtaji wa kijana wa duka

Desturi za kulipa utumishi wa muda mrefu hazikuletwa na sheria ya 2004. Katika jamii nyingi za wafugaji mchungaji hulipwa mtamba baada ya kipindi walichopatana, na mifugo hiyo ndiyo inayomwezesha kuanza zizi lake. Madukani, kijana hufanya kazi miaka mitano au sita kwa chakula, malazi na fedha kidogo, kwa ahadi kwamba mwisho wake atapewa mtaji na kufunguliwa duka. Wafanyabiashara wengi wanaojulikana leo walipita njia hiyo.

Desturi hizo zina busara ndani yake, maana zinautambua muda. Udhaifu wake ni kwamba zinategemea neno la mtu mmoja. Mwenye duka akifariki, warithi hawajui ahadi. Mwaka wa tano ukikaribia, kijana huzushiwa kosa la hesabu na kufukuzwa. Mtamba alioahidiwa mchungaji unakufa kwa ugonjwa, na haijulikani ulikuwa wa nani. Kuiandika ahadi hakuivunji desturi. Kunailinda isife na aliyeitoa. Na ahadi hiyo haiondoi stahili za kisheria, ambazo kijana na mchungaji wanazo kama wafanyakazi wengine.

Haba na haba

Kwa mwajiri mdogo hofu kubwa ni kwamba malipo haya huja wakati mbaya. Watu hupunguzwa bei inapoanguka, mazao yanapoungua au duka linapofungwa, yaani pale pale ambapo hakuna fedha. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kuanza mapema.

Siku saba kati ya siku 312 za kazi katika mwaka wenye wiki za siku sita ni zaidi kidogo ya shilingi mbili katika kila shilingi mia za mshahara. Mkulima mwenye wafanyakazi watano wanaolipwa Sh8,000 kwa siku anadaiwa Sh56,000 kwa kila mmoja kila mwaka unapokamilika. Kwa wote watano ni Sh280,000, sawa na Sh23,400 hivi kwa mwezi. Kiasi hicho kinaweza kuwekwa benki au kwenye chama cha akiba na mikopo kikiwa katika akaunti ya peke yake. Asiyeweka kitu kwa miaka 10 atatakiwa kutoa Sh2,800,000 kwa mkupuo, katika mwezi ambao pengine hana hata ya mbegu.

Yapo mambo mawili ya kukumbuka. Malipo hukokotolewa kwa mshahara wa wakati wa kuachishwa, hivyo mshahara ukipanda, akiba nayo iongezwe. Na kwa kuwa sheria haihesabu zaidi ya miaka 10, deni hilo halikui bila mwisho. Mwajiri anaweza kujua leo kiwango cha juu kabisa anachoweza kudaiwa kwa kila mtu wake.

Ukomo huo wa miaka 10, hata hivyo, ni jambo la kujadiliwa. Nchini Kenya mfanyakazi anayepunguzwa kazini hulipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na sheria haikuweka kikomo cha miaka. Mfanyakazi wa shamba wa Tanzania aliyemaliza miaka 25 hupata siku 70, sawa na mwenzake wa miaka 10. Si lazima Tanzania iige kila kitu, maana waajiri wake wengi ni wadogo na mzigo mzito unaweza kuwafanya wasiajiri kabisa. Lakini miaka 15 ya jasho kuandikwa sifuri ni hesabu isiyoeleweka kwa mtu aliyeitoa.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Utumishi nao ni mali. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na ayatunze kwa miaka mitano baada ya ajira kumalizika. Asipoweza kuyatoa wakati wa shauri, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kile mfanyakazi anachodai kilikuwa katika makubaliano yao. Kwa maneno mengine, mwajiri asiye na daftari hajajiokoa. Amejifunga mikono.

Nchi hii imeona kinachotokea hesabu ya utumishi inapobaki bila kufungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka 1977, na katika miaka ya 2000 waliokuwa wafanyakazi wake walikuwa bado wanadai mafao yao mahakamani, wengine wakiwa wazee wa kutembelea mikongojo. Huo ulikuwa utumishi wa shirika lenye ofisi na makarani. Mkulima asiye na karani ana sababu kubwa zaidi ya kuandika.

Daftari linalohitajika si la gharama. Jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, kazi, ujira, siku alizofanya kila mwezi, likizo aliyochukua, na sahihi au dole gumba kila anapolipwa. Mfanyakazi naye awe na nakala yake, au angalau atunze vikaratasi vya mizani na vya malipo. Kwa anayelipwa kwa kilo, vikaratasi vya wiki 13 za mwisho ndivyo vinavyotaja kiwango chake. Na shamba linapouzwa, muuzaji na mnunuzi waandike katika hati ya mauziano nani analipa miaka iliyopita ya wafanyakazi wanaobaki, na karatasi hiyo isomwe mbele yao.

Ugomvi ukitokea

Wasipoelewana, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kama CMA. Shauri huanza kwa kujaza fomu na nakala kupewa mwajiri, kisha usuluhishi hufanyika kabla ya uamuzi. Siku zinabana. Anayelalamikia uhalali wa kuachishwa kwake ana siku 30. Madai mengine, likiwamo la malipo peke yake, yana siku 60. Wengi hupoteza haki zao kwa kumsubiri mwajiri aliyesema "njoo mwezi ujao" mara tatu. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atatakiwa kueleza sababu, na ahadi za mdomo ni sababu dhaifu. Mwenye chama cha wafanyakazi apitie kwa chama chake, na asiye nacho aanze kwa ofisa kazi wa eneo lake.

Yote haya yanarudi kwenye ile meza ya karani. Ni vema Bunge na wizara inayohusika na kazi wakaziba shimo la "mfululizo" kwa watu wa misimu, kwa njia ile ile iliyotumika kwenye likizo: aliyemrudia mwajiri mmoja msimu hadi msimu, miezi yake ikusanywe, na kila 12 ikitimia uhesabiwe mwaka. Ni vema pia kazi ya kipande ikapimwa kwa mwaka mzima badala ya wiki 13. Hayo yanahitaji muda na sahihi za wakubwa.

Lakini kuongeza safu moja katika daftari la karani, yenye kichwa "alianza lini", hakuhitaji Bunge. Mwajiri anayefanya hivyo msimu huu atajua anadaiwa nini na ataanza kukiweka kidogo kidogo. Na kibarua aliyesimama kwenye foleni mara kumi na tano ataondoka na maandishi yanayosema hivyo.